Nafasi Isiyo na Nauli: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa FECOFA na CAF

Kwa: Viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Kongo (FECOFA), Kinshasa
Nakala: Viongozi wa mpira wa jimbo la Maniema, Kindu, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika (CAF), Cairo
Kuhusu: Kanuni za kufuzu, kuanzia teritwari hadi mashindano ya Afrika

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu wa shule na mkufunzi wa mpira wa vijana hapa Kasongo, kusini mwa Maniema. Nawaandikia kwa niaba ya vijana ninaowafundisha, na kwa ajili ya wenzetu wa Kabambare, ambao njia yao ya kuwafikia ninyi ni ndefu kuliko yetu. Hatuombi kupewa ushindi, wala hatuombi kupita mlango wa nyuma. Tunataka kanuni za kufuzu zitazamwe upya, kwa sababu moja ninayoweza kuisema kwa sentensi moja: nafasi ambayo mshindi hana uwezo wa kuifikia, mshindi huyo bado hajapewa.

Kwenye karatasi, kijana wa Kabambare na kijana wa Kinshasa wako sawa. Timu ya kila mmoja inaanza kwenye mashindano ya mahali pake, ikishinda inapanda ngazi ya jimbo, ikiendelea kushinda inafika Linafoot, ligi ya taifa, na wanaomaliza juu kabisa wanaiwakilisha nchi kwenye mashindano ya vilabu vya Afrika. Hakuna kifungu kinachosema watu wa kusini mwa Maniema wasipite. Ndiyo maana malalamiko yetu hayasikiki: kanuni haijamtaja mtu, basi nani ameonewa?

Njooni tuitazame kanuni hiyo ikiwa barabarani.

Timu ya Matete, Kinshasa, ikipangiwa mchezo kwenye Stade Tata Raphaël, wachezaji wanakula nyumbani, wanapanda basi na kucheza, na jioni wamerudi kwa mama zao. Timu ya Kasongo ikishinda hapa, hatua inayofuata ni Kindu, zaidi ya kilomita 200 kuelekea kaskazini. Reli iko ng'ambo ya Lualaba, upande wa Samba na Kibombo, na treni yenyewe haina siku ya kuaminika. Kinachobaki ni barabara. Wakati wa mvua lori linaweza kulala kwenye tope usiku zaidi ya mmoja, na abiria ndio wanaolisukuma. Pikipiki hupita pale lori linaposhindwa, lakini pikipiki moja inabeba wachezaji wawili kwa shida. Hesabuni wenyewe pikipiki za kubeba kikosi kizima, walimu wake na mizigo yake, kwenda na kurudi, pamoja na mafuta, chakula cha njiani na mahali pa kulala Kindu. Pesa hizo hutafutwa sokoni, kwa wazazi, parokiani, msikitini, kwa mfanyabiashara mwenye moyo. Mara nyingi zinapatikana nusu.

Timu ya Kabambare ina safari nyingine kabla ya hiyo. Inabidi ifike Kasongo kwanza. Teritwari yao inapakana na Fizi na Tanganyika, mto Luama unaikata, na kwa miaka mingi makundi yenye silaha yameifanya njia ya Salamabila kuwa jambo la kuombea dua kabla ya kuondoka. Kuna wazazi wanaomkataza mtoto kusafiri, na siwezi kuwalaumu. Mchezaji anayefika Kindu baada ya safari ya namna hiyo anaingia uwanjani miguu ikiwa imekwisha kabla ya filimbi. Akifungwa, wataandika kwamba mpira wa kusini ni dhaifu.

Asipofika kabisa, kanuni inayo dawa yake, nayo ni forfe, yaani kuhesabiwa umefungwa bila kucheza. Mabao 3 kwa 0, na mara nyingine faini juu yake. Nimeona vijana waliopigwa namna hiyo na timu ambayo hawajawahi kuiona. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na ratiba za mpira zimeigeuza methali hiyo kuwa sheria. Anayekataa kucheza kwa kiburi anahukumiwa sawa na aliyekwama mtoni. Kwenye jedwali wote wawili wana sifuri, na mwaka unaofuata jedwali hilo ndilo linalotumika kupima nani anastahili nini.

Waheshimiwa viongozi, hoja hii naiazima kutoka kwenye historia ya shirika lenu la bara. Waliowatangulia waliitumia dhidi ya FIFA, wakashinda, na kila mchezaji wa Afrika anakula matunda yake hadi leo.

Mnaikumbuka Januari 1964. Kombe la Dunia la 1966, Uingereza, lilikuwa na nafasi 16. Ulaya ilipewa 10 pamoja na mwenyeji, Amerika ya Kusini 4 pamoja na bingwa mtetezi Brazil, Amerika ya Kaskazini na ya Kati na Karibi 1. Afrika, Asia na Oseania zikapewa 1, wagawane. Mwafrika aliyeshinda bara lake lote hakuwa amefuzu. Alikuwa amepata ruhusa ya kwenda kupigana tena na mshindi wa upande wa Asia na Oseania. Ohene Djan wa Ghana alipoipinga kanuni hiyo hakusema tu kwamba nafasi ni chache. Alisema pia kwamba kuzipitisha nchi zetu kwenye michujo mirefu, yenye maumivu na gharama kubwa, kwa ajili ya nafasi moja mwishoni, ni jambo lisilo na mantiki. Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia alisimama upande huohuo, na Rais Kwame Nkrumah akawaunga mkono.

Timu 15 za Afrika zilijitoa kwenye mchujo ule. FIFA ilifanya nini? Iliwatoza faini ya faranga 5,000 za Uswisi kwa kujitoa. Ilikuwa forfe ile tunayoijua sisi, kwa kiwango cha dunia. Lakini Afrika haikurudi nyuma, na kwa Kombe la 1970 bara letu likapata nafasi yake kamili, isiyogawanywa na mtu. Morocco ilikwenda Mexico. Miaka 4 baadaye ilikuwa zamu yetu: Zaire, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, huku Ndaye Mulamba akiwa ametoka kufunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika la 1974.

Najua kitakachosemwa kuhusu safari ile ya Ujerumani. Scotland 2 kwa 0, Yugoslavia 9 kwa 0, Brazil 3 kwa 0. Wapo walioyashika matokeo hayo kama ushahidi kwamba Afrika haikustahili hata ile nafasi moja. Kama wangesikilizwa, mlango ungefungwa. Haukufungwa. Nafasi zikawa 2 mwaka 1982. Cameroon ilipofika robo fainali mwaka 1990 zikawa 3, halafu 5 kuanzia 1998. Mwaka 2022 Morocco ikafika nusu fainali. Kwa Kombe la 2026 Afrika imepewa nafasi 9 za moja kwa moja na mlango wa kumi kupitia mchujo. Mlango huo wa kumi ndio uliowapa Leopards wetu, timu ya taifa, nafasi ya kuendelea mwezi Novemba 2025: walimaliza nyuma ya Senegal kwenye kundi, lakini huko Morocco wakaitoa Cameroon, kisha wakaitoa Nigeria kwa penalti. Kwa kanuni zilizotumika kwa Kombe la 2022, timu ya pili kwenye kundi ingekuwa imekwisha kurudi nyumbani.

Somo la miaka hiyo yote ni hili: uwezo haukutangulia nafasi. Nafasi ilitangulia, uwezo ukaja kwa kucheza. Na kitu kilichofungua njia kilikuwa watu wazima waliokubali kusema kwamba kanuni inaweza kumtendea kila mtu vilevile na bado ikawa dhuluma, kama gharama ya kuifuata inambana mmoja na kumwacha mwingine.

Sasa tazameni ngazi yenu wenyewe, kutoka juu kwenda chini.

Juu kabisa, jambo hili limekwisha kukubaliwa. Mpango wa FIFA Forward kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026 unampa kila mwanachama hadi dola milioni 8, na una fungu la nyongeza la nauli na malazi kwa mashirikisho yenye uhitaji zaidi. Maana yake FIFA inakiri kwamba nchi isiyo na pesa ya ndege haijaalikwa kweli. Ngazi moja chini, mwaka 2024 CAF ilitangaza dola 50,000 kwa kila klabu inayocheza hatua za awali za mashindano yake, ili gharama za safari zisiwe sababu ya klabu kujitoa. Maana yake CAF nayo inakiri. Msimu wa 2024-25, klabu iliyoingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, hata ikimaliza ya mwisho, ilipata dola 700,000.

Endeleeni kushuka. Mkifika pale timu ya teritwari inapotakiwa kwenda mji mkuu wa jimbo, hakuna kitu. Wenye safari fupi na barabara ya lami mlangoni wanasaidiwa na jiografia. Wenye safari ndefu wanasaidiwa na sadaka. Tumejenga ngazi ambayo vipandio vyake vya juu ni imara na cha chini kabisa hakipo, halafu tunashangaa kwa nini hatuwaoni watoto wa Kabambare wakipanda.

Hata wale wa jimbo letu waliofanikiwa kupanda wanakutana na kanuni nyingine. Msimu wa 2024-25, AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Ilipangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja Casablanca na AS FAR za Morocco. Huku kwetu hiyo ilikuwa fahari isiyo na mfano. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Kindu waliitaja timu ile kana kwamba ni ya mtaa wao. Lakini michezo yake ya nyumbani ilichezwa Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kindu, kwa sababu Maniema haina uwanja unaokidhi masharti ya CAF. Shabiki wa Kasongo angehitaji barabara hadi Kindu na ndege hadi Kinshasa ili aione timu ya jimbo lake ikicheza "nyumbani".

Siyapuuzi masharti ya uwanja. Taa, milango ya dharura, vyumba vya wachezaji, gari la wagonjwa: hivi vinalinda uhai wa watu, na Afrika imezika mashabiki wengi mno kwenye viwanja vibovu kwa mtu yeyote kuomba vipunguzwe. Ninachouliza ni nani anabeba mzigo wa sharti hilo. TP Mazembe ina uwanja wake Lubumbashi, na ilistahili kuwa nao; klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5 na kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 haikufika hapo kwa bahati. Klabu ya jimbo maskini haiwezi kujenga kitu cha namna hiyo kwa mapato ya mlangoni. Basi kila ikifuzu inapoteza faida ambayo wapinzani wake wote wanayo: kucheza mbele ya watu wake. Nusu ya thamani ya nafasi imebaki njiani.

Haki inanidai niseme na upande wetu. Sisi Wakongomani si wahanga tu wa kanuni hizi. Mahali pengine tunanufaika nazo. CAF hupanga nchi kwa matokeo ya vilabu vyake ya miaka 5, na nchi 12 za juu hupeleka vilabu 2 kwenye kila mashindano, wakati nyingine zinapeleka 1. Kwa sababu ya Mazembe, AS Vita Club na wenzao, Kongo imezoea kuwa miongoni mwa hizo 12. Ndugu zetu wa nchi ndogo wana haki ya kutuuliza swali lilelile ninalowauliza ninyi: mwenye nafasi nyingi hupata pointi nyingi, mwenye pointi nyingi hupata nafasi nyingi, na asiyekuwamo ataingia lini? Siwezi kudai haki kwa Kasongo na kunyamaza kuhusu haki ya mwingine. Kama kanuni hiyo itarekebishwa siku moja, hata kwa hasara kidogo ya Kongo, nitakuwa wa kwanza kuitetea.

Swali hili haliko kwenye mpira peke yake. Marekani kuna mchezo ambao wengi wetu hapa tunauona kwenye simu tu: vikundi vya ushangiliaji, vijana wanaorushana hewani, kupinduka na kujenga minara ya watu kwa mpango mmoja. Shirikisho lake la dunia, ICU, lilianzishwa mwaka 2004, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kikamilifu mwaka 2021. Mashindano yake makubwa hufanyika Orlando, Florida, mwezi Aprili. Huko nako, kwenye ubingwa wa vilabu, wanabishana kuhusu kufuzu. Vilabu vya Marekani vinapigania mialiko kwenye mashindano yaliyoteuliwa, wakati timu za nchi nyingine zinahesabiwa kwa mgawo wa nchi. Wapo wenyeji wanaonung'unika kwamba wageni wamewekewa njia nyepesi. Ukiwa Kasongo unaliona jambo hilo kwa macho mengine. Mgeni aliyetoka bara jingine amekwisha kuchujwa na visa na bei ya tiketi kabla majaji hawajamtazama.

Lakini kuna kitu kimoja nimekipenda katika utaratibu wao. Mialiko ya ubingwa wa vilabu inatolewa kwa aina, na aina hizo zinatajwa waziwazi: kuna mwaliko unaokuja na gharama zote zimelipwa, kuna unaolipa sehemu ya gharama, na kuna ambao ni ruhusa ya kuja kwa pesa zako. Angalau wamekubali kusema kwa sauti kwamba kufuzu na kuweza kwenda ni mambo mawili. Sisi tumeyachanganya, na anayeumia kwa mchanganyiko huo ni yule yule kila mwaka.

Kwa hiyo, waheshimiwa viongozi, haya ndiyo tunayoomba.

Kwanza, anayeshinda teritwari asafirishwe. Iwekwe kanuni kwamba timu ikifuzu kutoka teritwari kwenda mashindano ya jimbo, au kutoka jimbo kwenda hatua ya taifa, nauli na malazi ya kikosi kilichosajiliwa yatatoka kwenye mfuko maalumu wa safari. Mfuko huo upate sehemu ndogo, iliyotajwa kwa asilimia, ya kila pesa ambayo vilabu vya Kongo na shirikisho vinapokea kutoka CAF na FIFA. Malipo yapimwe kwa umbali: wa Matete apate kidogo, wa Kabambare apate zaidi. Hesabu ya mfuko itangazwe kila mwaka, kila faranga na mahali ilipokwenda.

Pili, mashindano ya jimbo yazunguke. Maniema ina teritwari 7: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Hakuna amri ya mbinguni inayosema wote wasafiri kwenda Kindu milele. Hatua ya kanda ya kusini ichezwe Kasongo, ili Kabambare wasafiri nusu ya njia. Timu za Kindu nazo zije kwetu mara mojamoja. Wakiijua barabara hii kwa migongo yao, nadhani kanuni zitabadilika haraka.

Tatu, ratiba ifuate majira. Kwetu kiangazi huwa kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo barabara inapitika. Michezo inayohitaji safari ndefu ipangwe miezi hiyo, na tarehe zitangazwe mapema ili watu watafute usafiri kwa bei ya kawaida, wasinunue kwa bei ya dharura. Na mashindano yakianza yamalizike. Msimu wa Linafoot wa 2022-23 haukufika mwisho. Ligi isipomalizika, nani aende Afrika inakuwa kazi ya watu waliokaa mezani, na sisi wa mbali hatuna mtu kwenye meza hiyo.

Nne, forfe iwe na masikio. Timu ambayo haikufika ipewe nafasi ya kueleza, na kama barabara ilikatika, mto ulijaa au usalama ulivunjika, kwa uthibitisho wa mamlaka ya teritwari, mchezo upangwe tena au uchezwe kwenye uwanja wa karibu usio wa timu yoyote. Forfe ibaki kwa anayekataa kucheza. Faini kwa maskini aliyekwama haifundishi chochote isipokuwa kutojaribu tena.

Tano, CAF na FECOFA mkae na serikali ya jimbo muweke mpango wa uwanja mmoja wa Maniema unaokidhi masharti, wenye hatua na tarehe. Sharti lisilo na msaada wa kulitimiza linageuka ukuta. Na kabla ya uwanja huo kupatikana, klabu inayolazimika kucheza michezo ya nyumbani mbali na nyumbani ifidiwe gharama za safari hizo kama mgeni, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Sita, kanuni ziandikwe kwa lugha zinazosomwa. Kasongo imesema Kiswahili tangu karne ya 19, enzi za Tippu Tip. Hapa hakuna mzazi asiyekielewa. Lakini kanuni za mashindano zinatufikia kwa Kifaransa cha ofisini, zikifika. Ziandikwe pia kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, zibandikwe kwenye kila uwanja kabla ya msimu. Mtu anayeijua kanuni anaweza kuitii, na anaweza pia kuona ikivunjwa.

Saba, yote haya yawahusu wasichana sawasawa na wavulana. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika. Huku kwetu msichana anayecheza mpira ana mchujo mmoja zaidi ya kaka yake, nao ni ruhusa ya nyumbani. Mzazi akijua kwamba safari imelipwa, mahali pa kulala pamepangwa na kuna mama mmoja mtu mzima anayesafiri na timu, ruhusa hiyo inakuwa rahisi kuitoa.

Najua majibu ambayo huenda yakatolewa. La kwanza ni kwamba pesa hakuna. Nimeonyesha kwamba pesa za safari zipo kwenye ngazi mbili za juu. Tunaomba kanuni izishushe, na kiasi kinachohitajika kuifikisha timu moja ya Kabambare mpaka Kindu ni kidogo sana ukikilinganisha na tiketi za ujumbe mmoja wa viongozi kwenda mkutano wa nje. La pili ni kwamba kiwango kitashuka. Kiwango kinashuka pale tunapochagua wachezaji kutoka sehemu ndogo ya nchi yenye majimbo 26 na kuiita sehemu hiyo taifa. La tatu ni vita. Ni kweli, mashariki ya Kongo imeumizwa, na siombi mtoto yeyote apelekwe kwenye njia ya risasi. Lakini vita haiwezi kuwa sababu ya kumwadhibu aliyeathirika nayo. Nchi inayotaka vijana wake waache silaha lazima iwe na kitu kingine cha kuwapa wanaoshinda kwa jasho, na kitu hicho kiwafikie.

Tunawaomba, kabla ya ratiba ya msimu ujao kutangazwa, mtujibu kwa maandishi mambo matatu: mfuko wa safari utaanzishwa au hautaanzishwa, na kwa asilimia ngapi, hatua ya kusini ya Maniema itachezwa Kasongo au haitachezwa, na kanuni ya forfe itarekebishwa lini. Jibu la "hapana" lenye sababu tutalijadili na ninyi kwa heshima. Tukipata jibu la "ndiyo", tutafyeka uwanja wetu wenyewe, tutapokea wageni majumbani mwetu, na timu itakayotushinda kwenye majani tutaipigia makofi mpaka inapopanda lori la kurudi.

Mwaka 1964 viongozi wa Afrika waliwaambia wakubwa wa dunia kwamba michujo mirefu ya gharama kwa ajili ya nafasi moja haina mantiki. Walikuwa na haki. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaidai haki hiyohiyo kwenu, kwa sababu leo ninyi ndio wenye kalamu ya kuandika kanuni.

Wenu katika mpira,

Mwalimu na mkufunzi wa vijana
Kasongo, Maniema